Edward Steere, Mpiga Chapa: Kiwanda Kidogo cha Misheni ya Unguja na Sura ya Kiswahili Kilichochapwa, 1864–1888

Mwaka 1865 kilitoka mjini Unguja kitabu kidogo cha sarufi na msamiati ambacho jina lake lilianza kwa neno la unyenyekevu: Collections for a Handbook of the Swahili Language. Mwandishi hakudai kuwa ameandika mwongozo wa lugha. Alidai tu kuwa amekusanya vitu vya kuandikia mwongozo. Mahali pa kupigwa chapa palitajwa kuwa Zanzibar, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Mombasa na Rabai tangu miaka ya 1840, alikuwa ametangulia kuandika sarufi ya Kiswahili, lakini kazi yake ya mwaka 1850 ilipigwa chapa Tübingen, Ujerumani. Mpangaji wa herufi wa Tübingen hakuwahi kusikia neno moja la lugha aliyokuwa akiipanga, na msemaji wa Kiswahili aliyetaka kusahihisha kosa la ukurasani alitenganishwa nalo na bahari mbili na miezi kadhaa ya safari. Kitabu cha 1865 kilipangwa, kikapakwa wino na kukandamizwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa watu waliotoa maneno yake.

Wataalamu wengi wamemsoma Edward Steere kama askofu, mfasiri wa Biblia na mtunzi wa sarufi. Makala hii inamtazama kwa upande wa kazi ambayo kwa kawaida hutajwa kwa sentensi moja kisha ikaachwa, yaani upigaji chapa. Hoja yake ni kwamba baadhi ya sifa za Kiswahili cha maandishi ya Kilatini tunazozichukulia leo kuwa za asili zilitokana kwa sehemu na mazingira ya kiwanda kidogo chenye herufi chache, na kwamba mikono iliyofanya kazi katika kiwanda hicho ilikuwa ya vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Mambo haya mawili hayatenganiki kwa urahisi, ingawa historia ya lugha imezoea kusimulia la kwanza na historia ya misheni la pili.

Mwanasheria aliyevua koti

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma University College, akapata shahada za sheria hadi udaktari mwaka 1850, na mwaka huohuo akaandikishwa kuwa wakili. Taaluma hiyo haikumshika. Mwaka 1854 alianzisha undugu mdogo wa kidini Tamworth, mwaka 1856 akapewa ushemasi, na kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa kasisi wa vijiji vya pwani na mabonde ya Lincolnshire, kwanza Skegness kisha Little Steeping. Wavuvi wa Skegness walimsifu kuwa mtu wa kukunja mikono ya shati. Sifa hiyo ingefaa kukumbukwa na kila anayesoma maisha yake ya Unguja, kwa sababu inaeleza kwa nini mwanachuoni aliyehariri maandishi ya Askofu Butler hakuona aibu kusimama mbele ya mtambo akiwa na wino hadi kwenye viwiko.

Alikuja Afrika kwa ajili ya rafiki. William George Tozer, jirani yake wa Lincolnshire, aliteuliwa kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza baada ya kifo cha Askofu Mackenzie, ambaye alifia katika nchi za Shire mwaka 1862. Steere aliahidi kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Walifika mlango wa Zambezi mwaka 1863, wakaona kwamba njia ile haitawafikisha popote, na mwishoni mwa Agosti 1864 wakateremka Unguja. Uamuzi wa kuhamia kisiwani ulilaumiwa vikali Uingereza. David Livingstone mwenyewe, ambaye hotuba zake ndizo zilizoizaa misheni hiyo, aliuona kuwa ni kurudi nyuma. Hata hivyo, bila uamuzi huo kiwanda cha chapa kisingalikuwa na mahali pa kusimama. Mtambo unahitaji sakafu kavu, shehena ya karatasi inayofika kwa meli, na watu wanaokaa pahali pamoja kwa miaka. Unguja ya Sultani Majid ilikuwa na vyote vitatu.

Ilikuwa pia na watu wenye ujuzi wa maandishi, jambo ambalo wamisionari hawakulipa uzito wa kutosha katika barua walizoandika nyumbani. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa khati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla Steere hajazaliwa. Tenzi zilinakiliwa kwa mkono, hati za mauziano ziliandikwa na makarani, na juu ya vizingiti vya milango ya Mji Mkongwe mafundi wa nakshi walichonga aya na tarehe za Hijria. Fundi wa nakshi na mpiga chapa wote hushughulika na herufi kama kitu cha kushikika, chenye kina na ukingo. Tofauti yao ni kwamba mmoja huchonga neno ili likae mahali pamoja milele, na mwingine huliunda kwa kinyume, kama linavyoonekana katika kioo, ili liondoke na kwenda mara mia. Misheni haikuanza kuandika Kiswahili. Ilichokileta ni aina nyingine ya herufi, na hesabu tofauti ya nakala.

Kasha la herufi na mipaka yake

Ili kuelewa kazi ya kiwanda kidogo ni lazima kuelewa kasha la herufi. Herufi za risasi ziliuzwa kwa uzito, zikiwa zimegawanywa kwa kadiri ya matumizi ya lugha ya nchi zilikotengenezwa. Seti iliyonunuliwa Uingereza huwa na e nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, a za wastani, na k kidogo sana, kwa kuwa Kiingereza huitumia k kwa nadra. Kiswahili hugeuza hesabu hiyo. A hujaza mistari. K huingia katika ku-, ki-, ka-, kwa, katika, -ako, -ake. W na z na y hurudi kila mara kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Wakati huohuo q na x hukaa vibwetani mwao zikikusanya vumbi, na c haiitwi ila ikiwa na h ubavuni. Haihitaji ushahidi wa barua kuona matokeo yake. Mpangaji anayeanza ukurasa wa tatu hukuta k zimekwisha, na hawezi kuendelea mpaka kurasa mbili za kwanza zipigwe chapa, zioshwe wino na herufi zake zirudishwe vibwetani moja moja. Kazi huenda kwa vipande vifupi. Si ajabu kwamba machapisho ya awali ya Unguja yalikuwa vijitabu, na kwamba kitabu kamili cha mwongozo kilichotokana nayo kilipigwa chapa London mwaka 1870, na kampuni ya Bell and Daldy, Steere alipokuwa amerudi Uingereza.

Mipaka hiyohiyo inasaidia kueleza uamuzi wake mkubwa kuhusu tahajia. Steere aliweka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyefuata ameirithi: irabu zitamkwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Hakuweka nukta chini ya herufi, wala vistari juu yake, wala alama za kutofautisha t ya meno na t ya ufizi ambayo wasemaji wa Mombasa huisikia wazi. Sauti zilizotoka Kiarabu alizionyesha kwa kuunganisha herufi mbili za kawaida, kama kh na gh, au aliziacha ziyeyuke katika matamshi ya Unguja. Sababu aliyoitegemea ilikuwa ya kiisimu: alitaka kuandika lugha kama ilivyosemwa na watu wa kisiwa, wala hakutaka kuirudisha kwenye asili ya kila neno. Lakini sababu ya kiisimu na sababu ya kasha zilielekea upande mmoja. Alama ambayo haimo kasha­ni haiwezi kuchapwa, na kiwanda cha Unguja hakikuwa na mahali pa karibu pa kuagizia nyingine.

Si kila mtu aliridhika. William Ernest Taylor, aliyefanya kazi Mombasa tangu miaka ya 1880 na kulifahamu shairi la Kimvita kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, alitumia alama nyingi kuhifadhi tofauti ambazo tahajia ya Steere ilizifuta. Kwa upande wa usahihi wa sauti, Taylor alikuwa na haki, na mashairi ya Muyaka yaliyopitia mikononi mwake yanathibitisha hivyo. Kwa upande wa mpangaji herufi, Steere alikuwa ameshinda tangu mwanzo. Lugha inayoweza kuchapwa kwa seti yoyote ya kawaida ya Kilatini, bila kuagiza hata herufi moja ya ziada, ina nafasi kubwa zaidi ya kuenea kuliko ile inayodai kasha la pekee. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, tahajia iliyokuwa mezani ilikuwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 60. Hoja za Kimvita zilisikilizwa, zikaandikwa, zikaachwa.

Ni kosa hata hivyo kumfanya Steere kuwa mtumwa wa kasha lake. Kazi ya chapa ilimpa pia uhuru ambao Krapf hakuwa nao. Mtu mwenye mtambo chumbani anaweza kuchapa orodha ya maneno leo, kuipeleka kwa msemaji kesho, na kuirekebisha kabla ya kuchapa orodha ya pili. Neno “makusanyo” katika majina ya vitabu vyake linaeleza utaratibu huo. Mwaka 1867 alitoa Unguja makusanyo ya Kisambaa, wakati uleule Charles Alington alipokuwa akitafuta ruhusa ya kukaa katika nchi ya Kimweri. Mwaka 1876 yalitoka makusanyo ya Kimakonde, na mwaka huohuo msafara uliowarudisha bara watu waliokombolewa ukaweka makao Masasi. Kitabu kilitengenezwa kwa sababu mtu alikuwa akiondoka na atakihitaji njiani. Kiwanda cha London kisingaliweza kufanya hivyo. Kingemaliza kusafisha nakala wakati msafiri amekwisha kufika, au amekwisha kufa.

Waliosema na waliosahihisha

Mwaka 1870 ilitoka London kazi ya Steere ambayo bado inasomwa kwa raha, Swahili Tales, yenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndani yake mna hadithi ya Sultani Darai na paa wake, kisa cha punda wa dobi, na habari za Liongo. Steere hakuzitunga wala hakuzipamba. Alizipokea kutoka kwa watu wa Unguja waliomsimulia, na katika utangulizi aliwataja baadhi yao na kueleza namna lugha ya mmoja ilivyotofautiana na ya mwingine. Kwa mwaka 1870 huo ulikuwa uungwana wa nadra. Wakusanyaji wengi wa ngano wa karne hiyo waliridhika kuandika kwamba hadithi imetoka kwa “mwenyeji”.

Msaada wa wanazuoni wa Kiislamu ulikuwa wa namna nyingine na wenye utata zaidi. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, alikuwa miongoni mwa watu wenye elimu kubwa zaidi mjini. Alibishana na wamisionari juu ya dini na hakuwaachia hoja. Mtu huyohuyo alijitolea kumsaidia Steere kuzitia Zaburi katika Kiswahili fasaha kutoka Kiarabu. Msomaji wa leo anaweza kushangaa, lakini ndani ya mji ule mambo hayo mawili hayakupingana. Zabur ni kitabu kinachotajwa katika Kurani, ufasaha wa lugha ni heshima ya mwenye lugha, na mwanazuoni aliyeona Kiswahili kibovu kikichapwa jirani yake alikuwa na sababu ya kukiondolea aibu hata kama kilichapwa na mpinzani. Kiswahili cha Biblia kilichoenea bara kimebeba sauti ya baraza za Unguja, na sehemu ya sauti hiyo iliingia kwa njia hii.

Upande wa pili wa mji, mtambo mwingine ulianza kazi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alitembelea Uingereza mwaka 1875, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1880 matbaa yake ya kisultani ilikuwa ikitoa vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi kwa Kiarabu, kikiwemo Qamus al-Sharia chenye juzuu nyingi. Kwa ukubwa wa kazi na ubora wa mitambo, matbaa ya Barghash iliizidi ya misheni kwa mbali. Lakini ililenga wasomaji wa Oman, Mzab na Afrika ya Mashariki waliosoma Kiarabu. Haikujitia katika Kiswahili. Hivyo viwanda viwili vya mji mmoja viligawana lugha bila kukubaliana, na Kiswahili cha khati za Kiarabu, ambacho ndicho kilichokuwa na wasomaji wengi zaidi mjini wakati huo, kilibaki bila mtambo. Kama Barghash angeamua kuchapa tenzi, historia ya tahajia iliyosimuliwa hapo juu ingeweza kuwa nyingine kabisa.

Mikono ya vijana

Muda mfupi baada ya Tozer na Steere kufika, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Wawili miongoni mwao, John Swedi na George Farajallah, walipewa ushemasi mdogo mwaka 1870, na Swedi akawa shemasi mwaka 1879. Wengine waliongezeka kadiri manowari za Kiingereza zilivyokamata majahazi, na shule ikahamia Kiungani, kusini ya mji. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya malezi yao tangu mwanzo, na chapa ilikuwa mojawapo ya kazi hizo.

Hapa mwanahistoria anapaswa kutulia. Kijana aliyenyakuliwa kwao Unyasa au Uyao, akatembezwa hadi Kilwa, akapakiwa jahazini, akakamatwa baharini na kukabidhiwa kwa watu asiowajua, alifundishwa kupanga herufi za lugha ambayo haikuwa ya mama yake. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili au ya tatu, aliyoipata kwa nguvu ya safari. Alijifunza kukisoma kwa kinyume kabla ya kukisoma vizuri kwa sura yake, kwa kuwa ukurasa wa risasi husomwa kichwa chini. Vitabu vya misheni huliita jambo hili elimu, na vina haki kwa kiasi. Ujuzi wa chapa ulikuwa wa kulipwa na wa heshima, na haukuwa kazi ya shamba la mikarafuu. Lakini hakuna kijana kati ya hao aliyechagua. Neno “huru” lililotumika juu yao lilikuwa na maana ya kisheria, kwamba hawawezi kuuzwa tena. Halikuwa na maana ya kwamba wangeweza kuondoka na kurudi nyumbani, kwa sababu wengi hawakujua nyumbani ni wapi, na njia ya kurudi ilipita kwa wale waliowauza.

Majina ya wapangaji herufi hayakuwekwa kwenye kurasa za mbele. Hilo lilikuwa desturi ya chapa duniani kote. Wapangaji wa London nao hawakutajwa. Hata hivyo matokeo yake Unguja ni mazito zaidi, kwa sababu kazi yao haikuwa ya kunakili tu. Mpangaji anayekisikia Kiswahili kila siku sokoni na bwenini hugundua kosa ambalo mwandishi wa kigeni amelipita. Ni vigumu kuamini kwamba kurasa za Unguja zilipata usafi wao kwa jicho la Steere peke yake, mtu ambaye alikuwa akifundisha, akijenga, akisafiri na kuugua homa kwa zamu.

Ujuzi huo ulisafiri. Robert Feruzi, mmoja wa wavulana watano wa 1864, alikuwa katika msafara wa Henry Morton Stanley ulioanza Unguja mwaka 1874. Pamoja naye alikwenda Dallington Maftaa, mwanafunzi mwingine wa misheni, ambaye Stanley alimwacha katika baraza ya Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875 ili asome na kuandika. Kwa muda wa miaka miwili, kabla ya mmisionari yeyote wa Kizungu kufika, mtu wa kwanza kusoma maandiko ya Kikristo mbele ya Kabaka alikuwa kijana wa Unguja mwenye Kiswahili cha kiwanda hiki.

Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 alikuta njia imekwisha kufunguliwa. Mackay alikuwa mhandisi wa Kiskoti, na habari yake inaangaza habari ya Steere kutoka upande wa pili. Tafsiri za Kiswahili zilizotoka Unguja zilimfaa mara moja, kwa kuwa wapo watu wa barazani waliofahamu Kiswahili kutokana na biashara ya pwani. Lakini alipotaka kuwafundisha watu kusoma Kiganda, mtambo mdogo aliokuwa nao haukuwa na herufi kubwa za kutosha. Akachukua kisu na mbao, akachonga herufi mwenyewe. Kazi ambayo Ulaya ilikuwa na fundi wake maalumu, mchongaji wa mbao za chapa, ilifanyika kando ya Ziwa Nyanza na mtu aliyekuwa akitengeneza pia magurudumu na majembe. Steere alikwepa tatizo la herufi kwa kuchagua tahajia isiyohitaji zaidi ya alizokuwa nazo; Mackay alilikabili kwa kuchonga zilizokosekana. Kwa wote wawili kitabu kilianza kwa mkono na kifaa.

Jiwe na karatasi

Steere alirudi Unguja mwaka 1872, wiki chache kabla ya kimbunga cha Aprili kilichong'oa mikarafuu na minazi ya kisiwa na kubomoa majengo ya misheni pamoja na ya watu wengine. Tozer alikuwa mgonjwa na akaacha kazi. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa; sehemu ya kiwanja cha soko la Mkunazini ikanunuliwa kwa ajili ya misheni, na Siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwaka 1874 Steere alitawazwa kuwa askofu katika Westminster Abbey. Kuanzia hapo muda wake mwingi ulimezwa na jengo. Alilisimamia mwenyewe, akaezeka paa la tao kwa zege la matumbawe yaliyovunjwavunjwa na saruji, mbinu ambayo wengi mjini waliamini kwamba itaanguka mara tu mbao za kushikilia zitakapoondolewa. Haikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1879.

Wageni wanaofika Mkunazini leo huonyeshwa jengo hilo, na ni sahihi waonyeshwe. Kazi ya chapa haina jengo la kuonyeshwa. Karatasi ya karne ya 19 katika hewa ya chumvi ya Unguja haidumu, mchwa hawachagui kati ya sarufi na sala, na kijitabu kilichokusudiwa kwenda Masasi mfukoni mwa mtu hakikukusudiwa kuhifadhiwa. Nakala zilizosalia nyingi ziko katika maktaba za Ulaya. Mtafiti wa Unguja anayetaka kuona kitabu kilichopigwa chapa mtaani kwake mara nyingi hulazimika kukiomba kutoka nchi ya mbali, jambo ambalo linageuza juu chini ile faida ya ukaribu iliyotajwa mwanzoni.

Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilojenga. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891 mikononi mwa warithi wake, miongoni mwao Arthur Cornwallis Madan, ambaye pia aliurekebisha mwongozo wa lugha na kisha kuandika kamusi mbili zilizochapwa Oxford. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ambayo vizazi vya walimu wa Afrika ya Mashariki vililelewa nayo, ilijengwa juu ya ya Madan, na ya Madan juu ya makusanyo ya Steere.

Kiungani, chapa iliendelea. Mwaka 1888 likatoka jarida dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Lilikuwa na habari za shule, barua kutoka vituo vya bara, habari za michezo, vifo na safari, na ziliandikwa na wanafunzi na walimu Waafrika wa misheni. Miaka 23 baada ya kitabu cha 1865, vijana waliolelewa karibu na lile kasha la herufi walitia majina yao chini ya maneno waliyoyatunga wenyewe.